Emajensi ilipokuwa inawaka, nani alikuwa analima? Na shamba la shosho liliendaje?

Dada mmoja wa Murang'a ameniuliza hivi: shosho yake, yani bibi yake, alikuwa msichana mkubwa wakati wa Mau Mau, vile vita vya kumpinga mkoloni Kenya miaka ya 50 ambavyo wapiganaji walikaa msituni na serikali ikatangaza hali ya hatari, emajensi, na akianza kusimulia hasimulii bunduki wala msitu, anasimulia viazi vitamu, mtaro na njaa. Kila wakipita kando ya mto fulani huko kwao shosho ananyoosha kidole anasema pale ndo tulikuwa tunapanda nduma, yani magimbi, na leo pale ni kwa watu wengine kabisa na title deed wanayo. Shuleni yeye alisomeshwa majina ya majenerali tu. Kwa hiyo anataka kujua watu walikuwa wanalima vipi vita vikiendelea, walikula nini, na hilo shamba lilihama vipi bila mtu kuuza.

Dada, shosho yako anakusimulia vita vyenyewe, hajapotea njia. Mimi nimefanya kazi na historia ya kilimo cha sehemu hizo miaka mingi na kadri ninavyosoma ndivyo naona vita vile vilipiganwa shambani kuliko msituni. Serikali ya mkoloni ilimshinda mpiganaji kwa kumdhibiti mama mwenye jembe, alime saa ngapi, alime wapi, avune nini na abebe nini kurudi nyumbani. Halafu vita vikiwa bado havijaisha, wanaume wengi wakiwa kizuizini, ramani ya mashamba ikachorwa upya. Hayo mambo mawili ndo nitayajibu, mengine nitapita haraka.

Kwanza uelewe kilimo kilikuwaje kabla. Ukikuyu ni nchi ya migongo na mabonde, mto chini, mgongo juu, mto mwingine tena. Ukoo, yani mbari, ulikuwa na ardhi yake, githaka, na ndani yake familia ilikuwa na vipande vya hapa na pale, wala haikuwa uzembe kama maofisa wa kilimo walivyoandika. Kule chini mtoni kwenye unyevu mama anapanda nduma na miwa na ndizi, katikati ya mteremko mahindi na maharagwe na njahi (fiwi), viazi vitamu kwenye matuta, juu kabisa mbuzi na miti ya miwati ya kuuza magome. Mvua ikikosa juu, mtoni kuna kitu, baridi ikiharibu upande huu, upande ule umepona. Mtu akiwa na vipande sita au kumi alikuwa na bima ya sita au kumi. Halafu palikuwa na ahoi, watu wasiokuwa na githaka ambao walipewa mahali pa kulima na mbari kwa urafiki au kwa undugu wa ndoa, wakalima miaka na miaka, wakazaa hapo, na haki yao ilikuwa kwenye vinywa vya watu na sio kwenye karatasi. Mshike huyo muhoi kichwani, nitamrudia.

Upande mwingine, ng'ambo ya milima ya Nyandarua, zaidi ya ekari milioni 7 zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya masetla wazungu, familia elfu chache tu. Sheria ya 1915 iliwapa lisi, yani haki ya kukodi ardhi, ya miaka 999, miaka 999 dada, kwa ardhi ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya Wamaasai na Wakalenjin na pembeni kule Kiambu ya Wakikuyu wenyewe. Na setla hakuwa na watu wa kulima, kwa hiyo wakaingia maskwota. Familia inatoka Murang'a au Nyeri au Kiambu inaenda Naivasha, Molo, Subukia, Ol Kalou, inapewa mahali pa kulima na kuchunga, na badala yake baba anafanya kazi kwa bwana siku 180 kwa mwaka. Mwanzoni ilikuwa sio mbaya, wengine walipata ng'ombe wengi kuliko ndugu zao walioachwa nyumbani. Lakini kila mkataba ukiisha kamba inavutwa, miaka ya 20 ikaja ile waliyoiita kifagio, mifugo ya maskwota ikafagiliwa kweli, na baada ya vita vya pili vya dunia siku za kazi zikapanda kufika 240 mpaka 270, shamba la skwota likakatwa likabaki ekari moja au mbili na mifugo ikakaribia kwisha kabisa. Hapo tayari kulikuwa na zaidi ya watu laki mbili wanaishi hivo, watoto wao wamezaliwa huko, hawajui Murang'a ikoje.

Maskwota waliohamishiwa Olenguruone, kule Bonde la Ufa, miaka ya 40 ndo waliokataa wa kwanza kwa nguvu. Walipewa ardhi na mkono mmoja na kwa mkono mwingine wakapewa sheria, panda hiki, usipande kile, shamba si lako wewe ni mpangaji wa serikali. Wakala kiapo wote, wanaume, wanawake mpaka watoto, na kiapo cha namna hiyo hakikuwahi kuonekana. Wakafukuzwa mwisho wa miaka ya 40, mahindi yakateketezwa, mifugo ikachukuliwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Mau Mau ilianza mjini Nairobi, mwambie Nairobi ilikuwa na mchango wake mkubwa lakini kiapo kilipikwa shambani.

Na kwenu Murang'a hasira ilikuwa juu ya mitaro. Baada ya vita vya dunia serikali iliona udongo unaoshwa na mvua, na ni kweli ulikuwa unaoshwa, siwezi kukataa, watu walibanwa kwenye migongo ile ile huku wakiongezeka. Ila badala ya kuwaongezea ardhi wakaletewa kazi ya lazima, machifu wanatoa watu asubuhi kadhaa kila wiki kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na waliochimba ni wanawake. Mwaka 1948 wanawake kama elfu mbili na nusu walifululiza mpaka ofisi ya DC, yani mkuu wa wilaya, kule Fort Hall, ndo Murang'a ya leo, wakiimba na kucheza, wakasema hatuchimbi tena. Shosho yako alikuwa mtoto wakati huo ila mama yake lazima alijua habari hiyo. Na ongeza kahawa: udongo mzuri wa kahawa upo mbele ya macho yao na Mkikuyu haruhusiwi kupanda, setla wa Thika na Ruiru anapanda mpaka anachoka. Walianza kulegeza kidogo kidogo mwanzoni mwa miaka ya 50, kwa vibali na miche ya kuhesabu, maji yakiwa yameshazidi unga.

Basi ikafika 1952. Mwezi wa 9 huko Timau ng'ombe na kondoo wa masetla wakachinjwa na kukatwa mishipa ya miguu usiku. Tarehe 7 Oktoba Chifu Waruhiu, mtu wa serikali, akauawa, na usiku wa tarehe 20 Gavana Baring akatangaza hali ya hatari, ile watu wetu wanaita emajensi mpaka leo.

Mashamba ya wazungu yalibadilika mara moja. Setla na mkewe wanakula chakula cha jioni bastola ikiwa mezani kando ya sahani, mpishi aliyewapikia miaka kumi anatolewa nje kabla giza halijaingia na mlango unafungwa kwa komeo. Januari 1953 familia moja ya setla kule Kinangop iliuawa, mtoto wao mdogo akiwemo, na baada ya hapo wazungu wakaandamana mpaka ikulu Nairobi wakitaka damu. Raia wa kizungu waliouawa miaka yote ya vita ni 32. Waafrika waliokufa ni maelfu kwa maelfu, na wanahistoria bado wanabishana juu ya hesabu.

Ila kwa kilimo pigo kubwa lilikuwa kufukuzwa kwa maskwota. Serikali ikatangaza kila Mkikuyu wa kule Bonde la Ufa apigwe picha na awe na kadi mpya juu ya kile kipande cha zamani, yani kitambulisho cha kazi, wengi wakakataa, wakaogopa hiyo picha ni mtego, na setla naye kwa upande wake akaanza kuwatoa wote shambani mwake asijue nani amekula kiapo na nani hajala. Zaidi ya watu laki moja walirudishwa Ukikuyu kwa malori na treni ndani ya miezi michache. Fikiria mama amepanda Machi au Aprili, mahindi ya nyanda za juu kule yanachukua muda mrefu kukomaa, lori linakuja mahindi yakiwa yanachanua tu. Anaondoka na sufuria, blanketi na kuku wa kufunga miguu. Ng'ombe na kondoo wanauzwa hapo hapo kwa bei ya kutupa au wanachukuliwa. Mahindi yanabaki na bwana. Halafu wanashushwa kwenye kambi za kupitia, kisha wanapelekwa Murang'a, Nyeri, Kiambu kwa ndugu ambao wengine hawajawahi kuwaona na ambao wenyewe hawana pa kulima. Vijana wengi walioingia msituni 1953 walitoka katika hao, na inaeleweka, hawakuwa na shamba nyuma wala mbele.

Masetla nao wakabaki na mashamba yasiyo na watu. Pareto, ua la kutengeneza dawa ya wadudu, inataka mikono mingi ya kuchuma, ilikuwa inachumwa na wanawake na watoto wa maskwota, ng'ombe wa maziwa wanataka kukamuliwa asubuhi na jioni vita au hakuna vita na KCC, ushirika wa maziwa wa masetla, inangoja maziwa. Wakaleta Waluhya, Wajaluo, Wakamba, Wakipsigis kujaza nafasi, na hapo suala la nani ni mwenyeji wa wapi katika Bonde la Ufa ukachanganyika vibaya zaidi, tumekuja kulipia baadaye sana. Setla kijana anaingia Kenya Regiment, jeshi la wazungu wa Kenya, au polisi wa akiba, shamba anaachiwa mke au mzee. Wengine walifilisika. Wengi hawakufilisika, manake bei zao zililindwa na serikali, mahindi ya setla yalinunuliwa kwa bei ya juu kuliko mahindi ya Mwafrika, gunia ni gunia na mahindi ni yale yale.

Sasa turudi Murang'a kwa shosho yako.

Juni 1954 serikali iliamua kila mtu aishi kijijini. Kabla ya hapo Wakikuyu hawakuwa na vijiji, kila boma liko kwenye shamba lake, mama anatoka mlangoni na jembe anaanza kulima. Na hiyo ndiyo serikali iliona ni tatizo, manake usiku mpiganaji anashuka msituni anabisha hodi boma lolote anapewa viazi na uji anarudi. Kwa hiyo watu waliambiwa vunjeni, hamieni pale penye posti ya hom gadi, yani mgambo Waafrika wa serikali. Siku chache tu. Waliochelewa walichomewa, na nyumba ikichomwa ghala la mahindi la nje linachomeka pia au linaporwa. Nyumba mpya walijenga wanawake wenyewe, kukata miti, kukandika udongo, kuezeka nyasi, usiku wengine wanalala nje na watoto mvua ikinyesha. Ndani ya mwaka mmoja na kitu zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameshaingizwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vya Ukikuyu, Embu na Meru. Kijiji kimezungukwa na mtaro uliochomekwa miti iliyochongwa, kuna mnara wa kulinda, kuna geti, kuna hom gadi getini.

Siku ya mama katika kijiji hicho ilikuwa hivi, na maelezo haya utayapata kwa wazee wengi wa rika la shosho yakifanana. Asubuhi filimbi au kengele, wote nje, wanahesabiwa. Kisha kazi ya lazima: kuchimba ule mtaro mkubwa wa pembeni mwa msitu, uliokwenda zaidi ya kilomita 80 chini ya Mlima Kenya, mpana na wenye kina kumzidi mtu, na ndani mianzi iliyochongwa. Au kufyeka vichaka, au kutengeneza barabara, au, na hii iliwauma sana, ile ile mitaro ya mmomonyoko waliyoikataa 1948 sasa wanaichimba na askari amesimama nyuma. Chakula ulichobeba ndo hicho hicho. Alasiri mnaachiwa muda mdogo, saa moja, saa nyingine mbili, mkalime shamba lenu, na mnaenda kwa kundi na kulindwa, mnarudi kwa kundi, na getini mzigo unakaguliwa. Ukionekana umebeba kuliko watoto wako wanavyoweza kula, unaulizwa cha ziada ni cha nani. Halafu kafyu, hakuna kutoka nje, mpaka kesho. Vijiji vilivyoshukiwa kulisha msitu vilipewa kafyu ya karibu siku nzima kama adhabu, unatoka kwa muda mfupi tu unateka maji unarudi ndani, siku baada ya siku, na shamba linaota magugu unaliona kwa mbali.

Sasa hesabu kama mkulima. Shamba lako lilikuwa mlangoni, sasa liko mwendo wa nusu saa au zaidi. Saa mbili ulizopewa, moja imeishia njiani. Vile vipande vyako sita, utafikia kimoja, labda viwili, vya karibu. Kile cha mtoni kimeachwa. Mahindi na maharagwe yanataka yapandwe mvua ikianza, mvua ndefu Machi mwishoni, mvua fupi Oktoba, ukichelewa wiki mbili tatu mavuno yanapungua sana, usipopalilia mara ya kwanza kwa wakati basi sahau, na mama huyu hana mamlaka ya kuamua apande lini, mwenye mamlaka ni mtu wa filimbi. Mbuzi wamechukuliwa kama faini ya kijiji kizima, au wanalazwa usiku kwenye boma moja linalolindwa, kwa hiyo na mbolea imeenda. Ardhi iliyo pembeni mwa msitu, ukanda wa maili moja, imepigwa marufuku kabisa, ukionekana humo unapigwa risasi bila swali, na waliokuwa na mashamba humo wamekuwa maskini kwa usiku mmoja. Kule kulima kwa zamu, ngwatio, ambako wanawake walikuwa wanasaidiana leo kwako kesho kwangu, kumekatika manake mikusanyiko inatiliwa shaka.

Na hapo ndo utaelewa kwa nini shosho anasimulia viazi vitamu. Mahindi yanavunwa yote kwa mara moja yanataka ghala, na ghala lilichomwa, na hata ukijenga jingine ni kitu cha kwanza hom gadi anachopekua. Kiazi kitamu kinakaa ardhini. Unachimba cha leo, kesho unachimba kingine, hakuna stoo ya kuchomwa wala gunia la kuulizwa getini, na majani yake unayapika au unampa mbuzi kama unaye. Kinavumilia kupaliliwa vibaya, kinavumilia kuchelewa. Wanawake walijua hilo na wakaongeza matuta ya viazi popote walipofikia. Watoto wengi wa vijiji vile waliokolewa na viazi vitamu, na wengi hawakuokoka. Njaa ilikuwa kubwa sana 1954 na 1955, maofisa wa afya wa serikali wenyewe waliandika juu ya utapiamlo, watoto wadogo na wazee ndo waliokwenda wa kwanza. Nikisoma hayo huwa nashindwa kuendelea, nafunga faili.

Msituni nako chakula kilikatika, na lengo lilikuwa hilo. Mwaka wa kwanza wapiganaji walikula vizuri tu, wanawake walipeleka unga na viazi mpaka sehemu za siri, ng'ombe wa setla na wa chifu walikuwa wanapandishwa mlimani usiku. Baada ya vijiji na mtaro walibaki na asali, nyama ya mitego na majani ya porini. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji, alipokamatwa Oktoba 1956 alikuwa ametoka msituni kutafuta chakula, alipigwa risasi karibu na mashamba ya Nyeri. Februari 1957 akanyongwa gereza la Kamiti.

Na usidhani waliokuwa kizuizini hawakulima. Mpunga wa Mwea unaokula leo, mifereji ya kwanza ya Mwea-Tebere ilichimbwa na mahabusu wa Mau Mau kuanzia 1954, Perkerra kule Baringo vile vile. Kwenye kambi ya kizuizi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, watu 11 walipigwa marungu mpaka kufa, kosa lao ni kukataa kuchimba mfereji wa mradi wa umwagiliaji, wakisema sisi ni wafungwa wa siasa hatulimii serikali. Mpaka hapo mwisho kabisa ugomvi ulikuwa ni jembe, nani ana haki ya kukuambia lima.

Sasa lile swali la shamba.

Mwaka ule ule wa vijiji, 1954, serikali ilikuja na mpango wa Roger Swynnerton, ofisa wa juu wa kilimo. Pauni milioni 5 zilitolewa na Uingereza. Kwa karatasi ni mpango mzuri, na sehemu yake ni nzuri kweli: Mwafrika apande kahawa, chai, pareto, afuge ng'ombe wa grade, wale wa kizungu wa maziwa, apewe hati, akope benki. Lakini ndani yake Swynnerton aliandika wazi kabisa kwamba wenye uwezo watapata ardhi zaidi na wakulima wabovu au maskini watapata kidogo, itatokea tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio na ardhi, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida nchi inapoendelea. Aliandika hivo, vita vya ardhi vikiwa vinapiganwa nje ya dirisha lake.

Kazi ilienda hivi. Kila lokesheni, yani eneo la chifu mmoja, ina kamati ya wazee. Vipande vyote vya familia vinapimwa, hiki cha mtoni robo ekari, kile cha mgongoni nusu, vinajumlishwa, inakatwa asilimia fulani ya barabara, shule, soko na kijiji, kisha unapewa shamba moja lenye ukubwa wa jumla yako mahali ambapo kamati imeamua. Ule mpaka uliokuwa wa miti na masimulizi ya wazee unakuwa vigingi na kamba na namba. Kwa hiyo kile kipande cha nduma cha shosho hakikuuzwa, kilihesabiwa kikaingizwa kwenye jumla, kikaangukia ndani ya shamba la mtu mwingine, na nyinyi mkapewa mgongoni, kama mlipewa. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kabisa na pengine ndo hadithi yenu nzima.

Ila uliza kamati ilikuwa ya nani. Mwaka ni 1955, 56, 57. Wanaume maelfu wako kwenye kambi za kizuizi za Manyani, Mackinnon Road, Mageta, wengine msituni, na msituni ukiwa umeorodheshwa kama gaidi ardhi yako inaweza kuchukuliwa kisheria. Waliobaki wana sauti ni chifu, hom gadi, mwalimu wa misheni, mzee mwenye cheti cha uaminifu kwa serikali, na hicho cheti ndo kilikuwa kinakupa kibali cha kupanda kahawa, leseni ya duka, na 1957 kura. Aliyekuwa kwenye kamati alisimama kwenye kipande chake kizuri karibu na barabara na akakipata. Wake wa waliofungwa wengine walipambana kama simba, walikwenda kusimama kwenye mpaka na kusema hapa ni kwa mume wangu, na wengine walifanikiwa, lakini mwanamke peke yake mbele ya kamati ya wanaume wenye bunduki hakuwa na nguvu nyingi. Na hati ikiandikwa inaandikwa jina la mwanaume, wakati aliyelima miaka yote ni mama. Yule muhoi niliyekwambia umkumbuke, yeye alipotea kabisa, haki yake ya mdomo haikuwa na safu kwenye daftari, mbari ikaulizwa huyu nani, ikasema ni mgeni tu.

Murang'a kwenu mambo yalikuwa mabaya kiasi kwamba serikali yenyewe ilikubali upimaji umejaa upendeleo na kazi ikabidi irudiwe, ndo maana utakuta familia za huko zilihamishwa mara mbili. Nyeri na Kiambu hazikurudiwa hivo. Waliotoka kizuizini 1958, 1959, 1960 walikuta kahawa ya jirani imeota pale walipoacha mahindi yao. Na sheria ya usajili ya 1959 pamoja na ile ya 1963 ikafunga mlango, kwamba usajili wa kwanza hauvunjwi mahakamani hata kama ulipatikana kwa ujanja. Nadhani hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ambacho emajensi ilituachia na ndicho hakimo kwenye vitabu vya shule.

Emajensi iliondolewa Januari 1960. Masetla walipoanza kuondoka, ukaja mpango wa ekari milioni moja kuanzia 1962, Kinangop, Ol Kalou na kwingine, familia kama elfu 35 zikapata mashamba, lakini kwa mkopo, pesa za Uingereza na Benki ya Dunia, setla analipwa bei kamili na Mkikuyu aliyekuwa skwota hapo hapo anaanza kulipa deni la miaka 30. Mwenye pesa ya mwanzo alikuwa ni nani? Mara nyingi yule yule mwenye kahawa. Aliyetoka Manyani na shati moja alibaki kijijini, na vijiji vingine vya emajensi bado vipo mpaka leo Murang'a na Nyeri, na wanaoishi ndani yake wengi ni wajukuu wa ahoi na maskwota. 2013 serikali ya Uingereza ililipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa, ni haki yao na ilichelewa, ila hiyo ilikuwa ya mateso, ya ardhi hakuna aliyelipa.

Kuhusu cha kufanya. Mkalishe shosho umrekodi na simu, na usimuulize Mau Mau, muulize kilimo: jina la mbari, jina la mto na mgongo, majirani wa pande zote nne walikuwa akina nani, kipande kipi kilipandwa nini, kijiji chao cha emajensi kiliitwaje, na nani alikuwa kwenye kamati. Muulize pia kama walihamishwa mara moja au mbili. Kisha nenda ofisi ya ardhi Murang'a na namba ya shamba lenu la sasa, fanya sachi, yani uliza daftari la usajili, uone lilisajiliwa mwaka gani na kwa jina gani. Omba pia rekodi ya haki zilizokuwepo kabla ya upimaji, pale ndo vipande vya zamani viliandikwa kabla ya kujumlishwa, kama karatasi yenu ipo utaona kila kipande cha babu na ukubwa wake, na utajumlisha mwenyewe uone kama mlipewa sawasawa. Faili nyingine za machifu na ma-DC ziko Nairobi pale Kenya National Archives, Moi Avenue, unalipa ada kidogo unasoma.

Kama utakuta mlipunjwa, usikimbilie kwa wakili wa barabarani atakayekuahidi kurudisha shamba la mtoni, manake mlango wa usajili wa kwanza ulifungwa kwa miaka mingi kama nilivyosema, sheria ya 1963 imeondolewa 2012 tu, na anayeishi pale leo huenda naye babu yake alisukumwa kutoka kwingine. Ila kuna jambo moja: 2018 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ardhi ya ukoo iliyoandikwa jina la mtu mmoja inaweza kuhesabiwa kama amana ya kimila kwa ajili ya wengine. Hiyo inahusu ndugu ndani ya mbari moja, kwa mfano ami aliyeandikishwa shamba la wote kaka akiwa kizuizini. Ikiwa kesi yenu ni ya namna hiyo mna pa kushika, na ushahidi wenu mkubwa utakuwa ni shosho, kwa hiyo mrekodi mwezi huu.